Konokono wa Bahari na Madumu ya Msikitini



Wiki hii safu yetu inaanzia mbali, baharini, mahali ambapo wengi wetu hapa Kinyangiri hatujapata kuoga wala kuvua. Tunaomba subira ya msomaji. Habari yenyewe ni ya konokono, na kabla hatujafika mwisho itakuwa imetufikia majumbani mwetu, kwenye madumu ya maji yaliyo nyuma ya mlango wa jikoni.

Yupo konokono mmoja mdogo wa baharini, urefu wake kama sentimita tatu, aishiye juu ya miamba ya pwani za Ulaya. Wataalamu humwita Nucella lapillus. Ni mwindaji, huwatoboa kome magamba akala nyama yao. Mwaka 1970 mtafiti aitwaye Blaber, akiwachunguza konokono hao karibu na Plymouth, mji wa bandari wa Uingereza, aliona jambo la ajabu: baadhi ya majike walikuwa wameota kiungo cha kiume. Mwaka uliofuata mtafiti wa Marekani, Smith, akaeleza hali hiyo hiyo kwa konokono wa aina nyingine katika pwani ya Connecticut. Hali hiyo ilipewa jina la imposeksi, maana yake jinsia moja kubandikwa juu ya nyingine. Wasomaji wenye haya watuwie radhi. Vitabu vyetu vya fiqhi havikuona haya kueleza hedhi na janaba, nasi tunafuata njia hiyo.

Majike hao hawakuwa wamegeuka madume. Walikuwa na mayai yao kama kawaida. Tatizo ni kwamba pamoja na kiungo kile uliota mrija wa manii, na mrija huo ulipozidi kukua uliziba tundu la kutolea mayai. Vifuko vya mayai vikarundikana ndani ya tumbo, visipate pa kutokea, na mwishowe jike akafa navyo. Konokono huyu ana udhaifu mwingine: watoto wake hawaelei majini wakachukuliwa na mkondo hadi pwani nyingine. Hutoka kwenye vifuko wakitambaa juu ya mwamba ule ule alipotagia mama yao. Kwa hiyo mahali majike walipoziba, hakuna mgeni aliyekuja kujaza nafasi. Miamba ikabaki na wazee tu, kisha nao wakatoweka. Hapakuwa na mizoga iliyofurikia ufukweni wala harufu ya kuoza iliyomshtua mpita njia.

Ilipita miaka kumi kabla ya chanzo kujulikana. Mwaka 1981 Smith alionyesha kwamba kilikuwa ni rangi inayopakwa chini ya vyombo vya baharini, na mwaka 1986 watafiti wa Plymouth wakathibitisha kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza konokono wa kusini-magharibi mwa Uingereza.

Hapa inabidi tueleze kidogo kuhusu rangi hiyo. Chombo chochote kikikaa majini huvamiwa na mwani, na viumbe wenye magamba hujibandika chini yake, kikawa kizito na kula mafuta mengi. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na dawa yao tangu kale: walikipandisha chombo mchangani maji yakipwa, wakakichoma kwa makuti makavu, kisha wakakipaka deheni ya chokaa na mafuta. Ilikuwa kazi ya kurudiwa mara kwa mara. Katika miaka ya 1950 wakemia wa Uholanzi walieleza nguvu kubwa ya kuua viumbe iliyomo katika kampaundi fulani za madini ya bati (hatusemi bati la kuezekea nyumba). Mojawapo ni tributilitini. Na hili liwavutie wasomaji wetu wa bara: miongoni mwa kazi za mwanzo zilizofikiriwa kwa kampaundi hizo ni kuua konokono wa kichocho katika nchi za joto kama yetu. Baadaye ikaonekana kwamba biashara kubwa iko kwenye meli. Rangi yenye tributilitini ilikaa miaka mitano bila kurudiwa, na kufikia miaka ya 1990 sehemu kubwa ya meli za dunia zilikuwa zimepakwa. Meli hizo ndizo zilizotia nanga Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja kama zilivyotia nanga kwingineko.

Pengine konokono peke yake asingemshughulisha waziri yeyote. Aliyezishtua serikali ni chaza, kwa kuwa chaza ana bei. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza waliona kuanzia miaka ya 1970 kwamba mbegu hazishiki, na waliokua wana magamba manene yaliyovimba kama vyumba vitupu, huku nyama ndani ikiwa ndogo. Mavuno yaliyokuwa zaidi ya tani 10,000 kwa mwaka yakashuka hadi kama tani 3,000 mwaka 1981. Ghuba ile ile ilikuwa imejaa maboti ya starehe yaliyopakwa rangi hiyo. Mwezi Januari 1982 Ufaransa ikaipiga marufuku kwa maboti mafupi kuliko mita 25. Uingereza ikafuata mwaka 1987. Mkataba wa dunia nzima ulipitishwa chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari mwezi Oktoba 2001, ukaanza kutumika Septemba 2008. Hesabu kutoka 1970 hadi 2008 ni miaka 38.

Kiasi cha sumu kilichofanya hayo ndicho kinachotisha. Nanogramu moja tu katika lita moja ya maji ilitosha kumwanzishia konokono yule imposeksi. Kwa lugha ya hapa kwetu: chukua gramu moja, kiasi cha chumvi kinachoshikwa kwa ncha za vidole. Igawe katika malori 100,000 ya maji, kila lori likiwa na lita 10,000. Maji ya kila lori mojawapo yangetosha kumdhuru. Hakuna jicho litakaloiona sumu hiyo, hakuna ulimi utakaoionja, wala pua itakayoinusa. Tunaomba msomaji aikumbuke sentensi hii, maana tutaihitaji.

Inawezekanaje kidogo namna hiyo kifanye makubwa? Jawabu liko katika homoni. Mwili wa kiumbe haufanyi kazi kwa nguvu tu. Huendeshwa kwa ujumbe. Tezi hutoa homoni chache mno katika damu, na homoni hiyo ikifika kwenye chembe inayohusika huingia mahali pake kama ufunguo katika kufuli, na chembe ikatii: kua, acha kukua, tengeneza yai, tengeneza mbegu. Sumu ya kawaida huvunja mlango. Sumu ya aina hii ina umbo linaloingia katika kufuli, nayo hupitisha amri ya uongo, na chembe haina namna ya kujua kwamba imedanganywa. Kwa tributilitini, kufuli lenyewe lilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 2004: ni kipokezi kinachohusika na kuota kwa viungo vya kiume vya konokono. Konokono na chaza wana udhaifu wa kuongezea, kwamba miili yao huivunjavunja sumu hiyo taratibu mno, hivyo huilimbikiza. Na chaza huishi kwa kuchuja. Chaza mmoja wa spishi kubwa anaweza kupitisha mwilini zaidi ya lita 100 za maji kwa siku. Chochote kilichomo katika maji hayo hupita kwake.

Hadi leo imposeksi imeonekana katika spishi zaidi ya 150 za konokono wa baharini duniani. Lakini tuwe waadilifu: hatusemi kwamba tributilitini humfanyia binadamu yale iliyomfanyia konokono. Mpangilio wa mwili wake si wetu. Tunachosema ni kwamba zipo sumu zinazopitia mlango wa homoni, na kwamba anayesubiri maiti ndipo aamini kuwa pana sumu atasubiri sana.

Je, habari hii ina makazi katika bahari yetu wenyewe? Inayo. Katika ghuba ya Menai, Unguja, akina mama wa Fumba na Bweleo wamekuwa wakifuga chaza tangu miaka ya 2000 kwa usaidizi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, wakauza nyama, lulu na mapambo ya magamba. Mama wa Kiislamu anayesimama katika maji ya kupwa na kamba zake za chaza anategemea usafi wa maji kuliko mwenye duka anavyotegemea barabara. Na maji hayo yana wageni. Mwaka 2016 watafiti wa Zanzibar na wenzao walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwapo kwa Irgarol katika miamba ya matumbawe ya Zanzibar. Irgarol ni kiua mwani kilichotiwa katika rangi za vyombo baada ya tributilitini kukataliwa. Nayo imekwisha kupigwa marufuku na mkataba ule ule, kuanzia Januari 2023. Dawa moja ikifukuzwa mlangoni nyingine huingia dirishani, na kila mara ni viumbe vya bahari vinavyotangulia kupimwa nayo.

Dar es Salaam nayo ina ushahidi wake, na huo haukutoka melini. Mwaka 2002 Mwevura, Othman na Mhehe walichapisha uchunguzi wao wa tope na viumbe vya pwani ya jiji hilo, wakaeleza mabaki ya viuatilifu vya jamii ya klorini, ikiwemo DDT. DDT ikikaa hugeuka DDE, na DDE imeonyeshwa katika wanyama wa maabara kuwa huzuia kazi ya homoni ya kiume. Viuatilifu hivyo havikuzaliwa baharini. Vilipuliziwa mashambani na majumbani, mvua ikaviosha, mito ikavibeba hadi pwani.

Na hapo ndipo habari inapopanda kutoka pwani kuja kwetu Mkalama.

Mito ya Dar es Salaam humwaga baharini. Yetu haifiki huko. Maji ya upande wetu hushuka kuelekea Ziwa Kitangiri, na kutoka Kitangiri Mto Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi, na Eyasi haina mlango wa kutokea. Maji hukauka kwa jua, yakaacha magadi na kila kisichoweza kuruka kama mvuke. Wenzetu wa pwani wana bahari ya kuchanganyia uchafu wao, ingawa tumeona kwamba hata bahari haikutosha. Sisi tuna sahani isiyo na tundu. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na kila mtoto wa madrasa anaijua hukumu hiyo. Tukiitazama ramani ya bonde letu, tunajiuliza ni maji yepi yaliyotuama kuliko haya.

Tunavyo vya kuyatilia. Mkalama ni nchi ya alizeti, vitunguu na pamba, na pamba mara nyingi hulimwa kwa bomba la dawa. Wazee wengi wanaikumbuka Thiodan. Ndani yake mlikuwa na endosulfani, ambayo mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Sababu zilizotolewa ni kwamba hukaa muda mrefu, husafiri mbali, hulimbikizwa katika viumbe, na hudhuru. Imekwenda. Zilizokuja badala yake ni nyingi na majina yake yanabadilika kila msimu, na mkulima huyajua kwa rangi ya chupa.

Atatokea mtu aseme: kama dawa hizi zinaua konokono, basi na ziue, maana konokono wetu wa lambo ndiye aletaye kichocho. Tungetamani iwe hivyo. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kenya magharibi, katika maeneo 48 ya maji upande wa Ziwa Viktoria, na matokeo yalikuwa kinyume. Mahali penye viuatilifu, konokono wa kichocho walistawi. Wao ni wavumilivu wa dawa hizo, na walioangamia ni wadudu wa majini waliokuwa wakishindana nao kwa chakula. Chaza wa Arcachon alidhoofika, konokono wa Plymouth akatoweka, na konokono yule tunayemchukia akaachiwa uwanja. Mwenyezi Mungu ameviumba viumbe kwa mizani, na mwenye kuvuruga mizani hachagui ni upande gani utakaoinuka.

Sasa tuje msikitini. Kabla ya Ramadhani iliyopita, mzee mmoja mwema wa jamaa yetu alituletea wakfu wa madumu kumi na mawili ya lita ishirini, ya maji ya udhu, kwa kuwa bomba la kijiji hukatika siku tatu kati ya saba. Madumu yalikuwa imara na yameoshwa kwa sabuni na mchanga. Lakini juu ya matatu miongoni mwao kilibaki kipande cha kibandiko chenye alama ya fuvu. Yalikuwa ya dawa ya shamba. Dawa gani, hakuna aliyeweza kusema, maana maandishi yalikuwa yamebanduka.

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu kuliko vyote tulivyopata kuandikia muhtasari. Waliotaka madumu yatumike hawakuwa wajinga. Mmoja wao, aliyesoma zaidi yetu, aliweka hoja ya fiqhi: maji ni tahir maadamu rangi, ladha na harufu yake havijabadilika, haya hayajabadilika, udhu unasihi. Mwingine akasema kwa lugha ya kawaida, “Katibu, madumu kama haya tumeyatumia tangu pamba ya ushirika. Tumechotea maji, tumetilia maziwa, tumepelekea togwa harusini. Nani amekufa?”

Hoja ya kwanza ni sahihi katika mahali pake, nasi hatukuipinga. Udhu wa aliyetumia maji hayo unasihi. Lakini tahara ni mlango mmoja na madhara ni mlango mwingine. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ambao wametuhalalishia wanyama wa baharini kwa upana kuliko ndugu zetu wa Kihanafi wanaokomea kwenye samaki, hawakuacha kuweka sharti kwamba kinachodhuru mwili hakiliwi, hata kama asili yake ni halali na tohara. Chaza wa halali akijaa sumu, tohara yake haimponyi mlaji. Na mwenye kutawadha husukutua, na watoto wa madrasa hunywa kwenye dumu hilo hilo wakitoka mchezoni. Ama rangi, ladha na harufu, tulimkumbusha yule ndugu malori 100,000. Vipimo vitatu vya fiqhi viliwekwa ili kutambua najisi, navyo vinatosha kwa kazi hiyo. Havikuwekwa kupima nanogramu.

Hoja ya pili ndiyo nzito, kwa sababu imo katika kila nyumba. “Nani amekufa?” Mvuvi wa Plymouth angeweza kuuliza swali hilo hilo mwaka 1975, akipita juu ya miamba iliyojaa konokono wazima waliokwisha kuziba. Konokono waliokuwepo walikuwa hai. Waliokosekana ni wale ambao hawakuzaliwa, na asiyezaliwa hahesabiwi katika vifo.

Binadamu naye anao mfano wake. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha viuatilifu huko Lathrop, California, wafanyakazi wanaume walizungumza wao kwa wao wakagundua kwamba kwa miaka kadhaa karibu hakuna miongoni mwao aliyepata mtoto. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache au hawana kabisa. Chanzo kilikuwa DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Dawa hiyo haikupitia njia ya tributilitini. Iliharibu chembe za mbegu zenyewe. Wanaume wale walikuwa na afya, walikwenda kazini kila siku, na hakuna aliyekufa. Tunalitaja hili kwa sababu ya shauri tunalolisikia mara nyingi mno barazani msikitini, la ndugu wanaokuja kuomba talaka au ruhusa ya mke wa pili kwa kuwa wa kwanza “hazai”. Mume amepulizia dawa misimu kumi bila glavu wala barakoa, nguo zake za bomba zimefuliwa na mke beseni moja na nguo za nyumbani, na wa kwanza kuitwa tasa ni mke. Hatusemi kila utasa umetoka shambani. Sababu zake ni nyingi, na Mwenyezi Mungu humpa amtakaye wana na humfanya tasa amtakaye. Tunasema mume atangulie hospitali kabla hajaja kwetu, akapimwe yeye pia.

Kamati ilipiga kura. Kwa kura saba dhidi ya nne, madumu hayakutumika. Mapya yalinunuliwa kwa fedha za mfuko wa kuezeka, ndiyo maana upande wa akina mama ulivuja masika yote, na malalamiko yao tumeyapokea na yana haki. Mzee wetu mwenye wakfu aliumia. Aliona sadaka yake imerudishwa mbele ya watu, na kwa Ijumaa mbili hatukumwona. Imamu alikwenda kwake usiku, wakanywa uji pamoja, akamweleza kwamba nia yake imekwisha kuandikwa na haikurudishwa na yeyote. Amerejea safu ya kwanza, Alhamdulillahi, ingawa kwetu makatibu bado anajibu salamu kwa ufupi.

Yaliyobaki ni ya nyumbani, na tunayaandika kwa ajili ya akina mama na vijana wanaoshika bomba. Chupa au dumu la dawa likiisha, lisuuzwe mara tatu kwa maji safi, na maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba yakapulizwe shambani, kamwe yasimwagwe lamboni wala kisimani. Kisha litobolewe siku ile ile, kabla halijapata mtu wa kulionea huruma. Lisichomwe moto, maana moshi wake ni sumu nyingine. Bomba lisioshewe mtoni. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na asizifue mjamzito. Dawa isinunuliwe kwa kumiminiwa katika chupa ya soda. Inunuliwe ikiwa na kibandiko chake, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kibandiko kisomwe. Asiyejua kusoma amwite mwanawe wa shule. Ndiyo faida ya ada tunayolipa.

Kusuuza mara tatu hakulifanyi dumu la dawa kuwa dumu la maziwa. Hili tumeulizwa na watu wengi, na jibu letu ni moja. Plastiki hunywa sehemu ya kile kilichokaa ndani yake, kisha hukitoa kidogo kidogo, na mafuta na maziwa hukivuta kuliko maji.

Madumu yale kumi na mawili tumeyatoboa kwa msumari wa moto, yamo stoo ya msikiti yakisubiri afisa ugani wa kata aelekeze yanakopelekwa. Mwenye la kwake nyumbani alilete Ijumaa hii baada ya swala. Haulizwi jina, wala haulizwi lilikuwa na nini au limetumika miaka mingapi. Kwa kila nyumba itakayoleta, ndugu mmoja wa Iguguno ametoa dumu jipya. Yapo arobaini, na atakayewahi ndiye atakayepata.

Wabillahi tawfiq.